Mboji, Mseto na Fungamano: Uhakiki wa Istilahi za Rutuba ya Udongo

Katika kazi ya kusanifu istilahi ziko siku ambapo mtu halioni kosa lake mezani; hulikuta shambani. Ndivyo ilivyotupata sisi huko Buhongwa, kata ya Jiji la Mwanza iliyo upande wa kusini, kwenye barabara iendayo Usagara na Shinyanga. Tulikwenda kusikiliza jinsi maneno ya kipeperushi kimoja cha kilimo yanavyopokelewa na wale walioandikiwa. Kipeperushi chenyewe kilikuwa kwa Kiswahili fasaha kisicho na dosari ya sarufi, na baadhi ya istilahi zilizomo zilipata kupita mikononi mwetu. Mzee mmoja, mwenye ng'ombe wachache na shamba la mihogo na mahindi kwenye udongo wa kichanga chini ya majabali, alimsikiliza bwana shamba akisoma kwamba udongo wa sehemu zile "una upungufu wa mboji." Akanyoosha mkono kuelekea ubavuni mwa zizi. "Bwana shamba, mboji si ile pale? Lundo zima, tangu mwaka jana. Upungufu uko wapi?"

Watu walicheka, na bwana shamba akacheka nao. Lakini mzee hakukosea. Ukurasa wa pili wa kipeperushi kilekile ulieleza namna ya "kutengeneza mboji" kwa kupanga tabaka za majani, samadi na majivu. Basi neno moja lilitumika, katika karatasi moja, kwa kitu kilichorundikwa juu ya ardhi na tena kwa kitu kilichomo ndani ya udongo. Msomaji aliyesoma kwa makini ndiye aliyepotea. Asiyesoma kwa makini hakupata taabu yoyote. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno machache yanayotumika kuelezea rutuba ya udongo na aina za kilimo zinazosemwa kuihifadhi. Tutaanza na mboji, kwa kuwa ndiyo iliyotuumbua.

Kitu kinachohitaji jina ni kipi hasa? Ndani ya udongo wowote unaolimwa mna mabaki ya mimea, wanyama na vijidudu yaliyo katika hatua mbalimbali za kuoza, kuanzia mizizi iliyokufa jana hadi ile sehemu nyeusi laini ambayo asili yake haitambulikani tena. Zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni kaboni. Wapimaji wengi huikadiria kuwa asilimia 58. Sehemu hiyo hushika maji, hushikamanisha chembe za udongo, na huhifadhi virutubisho ili mvua isivichukue. Lakini sifa yake iliyo muhimu kwa msanifu wa istilahi ni kwamba haitulii. Vijidudu vya udongo huila usiku na mchana, na kazi yao, pakiwa na unyevu, huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinapozidi. Ndiyo sababu katika nchi za joto mabaki huliwa upesi kuliko katika nchi za baridi. Udongo wa mfinyanzi huweza kuyaficha mabaki hayo ndani ya vibonge vyake. Mchanga hauna pa kuyaficha. Kwa hiyo katika mashamba ya kichanga ya Usukuma yaliyolimwa kwa miaka mingi kaboni ya udongo mara nyingi haifiki hata asilimia 1.

Hiki basi si kitu ambacho mkulima "anacho" kama anavyokuwa na jembe. Ni salio la hesabu: yaliyoingia, kutoa yaliyoliwa. Lundo la mzee wa Buhongwa na kile kilichopungua shambani mwake vinahusiana kama mshahara na akiba. Mtu anaweza kupokea mshahara mkubwa asiwe na akiba. Na samadi ikimwagwa kwenye kichanga, sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi hewani katika mwaka wa kwanza au wa pili, ikabaki sehemu ndogo. Lugha inayoviita vyote viwili "mboji" inamwambia mkulima kwamba mshahara ndio akiba. Haishangazi kwamba akiisha kutia samadi msimu mmoja huona amemaliza kazi.

Sasa tutazame watafsiri walivyojaribu kujinasua. Njia ya kwanza ni kukopa: "mata ogania." Neno "mata" limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia na kemia, na "ogania" vilevile, kwa hiyo mwalimu wa sekondari hatakuwa na shida nalo. Hatuna ugomvi na istilahi hiyo ndani ya maabara. Tunaloikatalia ni kuvuka mto na kwenda kwa mkulima, kwa sababu halimwonyeshi kitu chochote anachokijua. Njia ya pili ni mbaya zaidi. Kwa kuwa kilimo kisichotumia dawa na mbolea za viwandani kimekwisha kuitwa "kilimo hai," na nembo ya Kilimohai inatumika Afrika Mashariki tangu viwango vya pamoja vilipopitishwa mwaka 2007, baadhi ya watafsiri wameona "hai" ndiyo tafsiri ya kudumu, wakaandika "mata hai ya udongo" au hata "viumbe hai vya udongo." Ilhali jambo lenyewe, kwa sehemu yake kubwa, ni mabaki ya vilivyokufa! Viumbe hai wa udongo ndio walaji. Mabaki ndiyo chakula. Tafsiri hii imemgeuza mlaji kuwa chakula chake. (Kuhusu "kilimo hai" chenyewe tutanyamaza, ingawa mkulima mmoja alipata kutuuliza kama kile chake kingine ndicho kilimo kilichokufa.)

Wako watakaosema: basi neno mboji lirudishwe kwenye maana ya ndani ya udongo, na lundo litafutiwe jina lingine. Tulikuwa na fikra hiyo sisi pia, tukiwa ofisini. Lakini "mbolea ya mboji" imekwisha kuenea katika redio, katika vikundi vya wakulima na shuleni, na kumnyang'anya mtu neno alilolizoea ni kazi ambayo kamati haiiwezi. Pendekezo letu ni la kawaida mno: neno lisiachwe peke yake. Tuseme "mboji ya lundo" kwa ile inayotengenezwa, na "mboji ya udongo" kwa salio lililomo ardhini. Atakayeandika kipeperushi alazimike kuongeza neno moja kila mara. "Mbolea vunde" liendelee kwa wanaolipenda, lakini likumbushe kitu: kuvunda kwa Waswahili wengi ni kuoza kwa kunuka, na lundo linalonuka ni lundo lililokosa hewa. Wakulima husema samadi "imeiva" au "bado mbichi," na kwa maoni yetu hakuna istilahi ya kitaalamu iliyolishinda neno "kuiva" katika jambo hili. Linaeleza pia kwa nini mabua makavu ya mahindi yakifukiwa mabichi, yaani kabla ya kuiva, mazao yanayofuata huwa ya manjano: vijidudu vinavyoyala mabua huitafuta naitrojeni kwingine, nayo huipata kwenye udongo, wakainyima mimea.

Neno "rutuba" nalo lina habari. Kwa Kiarabu lilikotoka maana yake ni unyevu, na kamusi za zamani za Kiswahili ziliitaja maana hiyo. Leo sisi twalitumia kwa nguvu ya ardhi ya kuotesha, na wengi huifikiria nguvu hiyo kama chumvichumvi za dukani tu. Mkulima wa mchanga wa Mwanza anajua kwamba shamba lililochoka hukauka upesi baada ya mvua kabla hata ya kukosa chakula. Maana ya zamani haikuwa mbali na ukweli.

Hapa yatupasa kusema jambo juu ya majina ya udongo wenyewe, kwa sababu kipeperushi kilisema "udongo wa kichanga" na "udongo wa mfinyanzi" kana kwamba dunia ina aina mbili. Wasukuma wana hesabu ndefu zaidi. Kutoka vilima vya mawe mtu hushukia kwenye luseni, mchanga mwepesi ulio chini ya majabali. Kisha itogoro, ulio mgumu zaidi na wa kijivujivu. Kisha ibambasi, mahali palipokaza kama sakafu ambapo maji hayapenyi. Na bondeni mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Huu ni mfuatano. Kila mmoja upo mahali pake kwa sababu ya ule ulio juu yake. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani huko Usambara, ndiye aliyeiingiza dhana ya mfuatano wa namna hiyo katika sayansi ya dunia katikati ya miaka ya 1930, kutokana na ardhi za Afrika Mashariki, naye akaupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo limo katika vitabu vya udongo kila mahali. Nasi tungoje tafsiri yake kutoka wapi? "Mnyororo wa udongo" latosha kabisa.

Kwa nini majina haya yanahusu mboji? Kwa sababu samadi ileile haina maisha yaleyale juu ya luseni na ndani ya mbuga. Ushauri unaosema "tia samadi kila baada ya miaka kadhaa," bila kutaja udongo, ni ushauri usio na anwani. Tunapendekeza luseni, itogoro na ibambasi viingizwe katika orodha za istilahi vikiwa maneno kamili ya Kiswahili, si vielelezo vya kilugha ndani ya alama za mtajo. Ugumu uko kwenye mbuga. Kiswahili cha kawaida hulitumia kwa uwanda mpana, na siku hizi zaidi kwa hifadhi ya wanyama. Mtumishi wa wizara akisoma kwamba wakulima wa Kwimba "wanalima mpunga mbugani," atataka kujua ni nani aliyewaruhusu. Hapo tungeshauri "udongo wa mbuga," na kuyaacha mengine kwa akili ya msomaji.

Tumefika kwenye neno la pili, "mseto." Mseto wa jikoni twaujua: mchele na choroko, vikapikwa pamoja chunguni hata visitengane. Ni taswira nzuri, na waliolipeleka shambani hawakukosa macho. Mahindi na maharagwe katika tuta moja ni mseto. Taabu ni kwamba neno limebebeshwa mizigo mitatu au minne. Katika maandishi tuliyoyapitia, "kilimo mseto" ni mahindi na maharagwe. Katika mengine ni miti na mazao. Katika mengine ni ng'ombe na mazao. Na katika kipeperushi chetu kilikuwa yote hayo pamoja na bwawa la samaki. Kosa hapa si la wingi wa maana tu. Mseto husema kwamba vitu vipo pamoja. Hausemi kwamba kimoja kinakula kilichotoka kwa kingine. Mkulima mwenye ng'ombe na mihogo, ambaye samadi yake hukaa zizini wazi, jua na mvua vikiimaliza naitrojeni, na majani ya mihogo yake hayaendi kwa ng'ombe, anafanya mseto. Udongo wake hautapata kitu.

Mfano wa hicho ambacho mseto haukisemi uko ndani ya mkoa huuhuu. Kisiwa cha Ukara, katika Wilaya ya Ukerewe, kina ukubwa wa kilomita za mraba 80 hivi, na watu wake wengi wameishi kwa kulima ardhi ya mchanga mwaka baada ya mwaka bila kuiacha ipumzike. D. Thornton na N. V. Rounce waliandika habari zake katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1936, na Mjerumani Heinz Dieter Ludwig akaichunguza tena na kuchapa kitabu mwaka 1967. Waliyoyaeleza ni haya: ng'ombe hufungwa ndani ya nyumba, mahali palipochimbwa chini, huletewa majani yaliyokatwa, mengine yakiwa yameoteshwa makusudi kwenye mashimo ya ufukweni mwa ziwa, majani wanayoyabakiza huwa malalo yao, hulowa mkojo na kuchanganyika na kinyesi, kisha mzigo wote hubebwa kichwani kwenda shambani. Ndani ya uwele hupandwa mmea wa jamii ya mikunde, ndugu wa marejea, ambao baadaye hufukiwa ardhini ukiwa mbichi. Mmea huo hutwaa naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Hakuna sehemu inayokaa peke yake. Ukiondoa ng'ombe, shamba linaanguka; ukiondoa majani ya ufukweni, ng'ombe wanaanguka.

Kwa hali hiyo twapendekeza "kilimo fungamano." Kufungamana ni kushikana kwa namna ambayo kimoja kikivutwa kingine hufuata. Tunajua kwamba "kilimo jumuishi" kimekwisha kuanza kutumika, lakini ujumuishi, tangu kuenea kwa "elimu jumuishi," umekuwa na maana ya kutomwacha mtu nje. Na kilimo cha Ukara hakikuwaita ng'ombe ndani ya nyumba kwa ajili ya usawa. Mseto ubaki kwa mazao yaliyochanganywa shambani. Miti na mazao tungependelea "kilimo misitu," ambalo baadhi ya wataalamu wanalitumia tayari.

Hata hivyo istilahi nzuri isiwe tangazo la biashara. Kilimo cha Ukara kilidai kazi nyingi mno, na vijana wa kisiwa walipopata ardhi au ajira kwingine hawakuubeba mzigo ule waende nao. Upande wa bara, Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa serikali ya kikoloni, uliotekelezwa kuanzia mwaka 1947, uliwaamuru watu watie samadi na wafunge matuta. Mengi ya maagizo hayo yalikuwa na busara kwa udongo. Yalikuja na faini, yakapingwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 yakalegezwa. Mwenye kuandika leo "mkulima anatakiwa kutia samadi" akumbuke kwamba sentensi hiyo imekwisha kusikika Usukuma, tena kwa sauti ya karani wa baraza.

Liko pia jambo ambalo "fungamano" lenyewe linaweza kulificha. Samadi ya zizi la Buhongwa imetoka wapi? Imetoka malishoni. Ng'ombe amekusanya majani ya eneo pana na kuyaleta mahali padogo, tena baada ya kuitumia zaidi ya nusu ya chakula hicho mwilini mwake. Shamba limeongezewa, malisho yamepunguziwa. Huo ni uhamisho wa rutuba, si uzalishaji wake, na vipeperushi vinaviita vyote "kuongeza rutuba." Uzalishaji huwapo pale ambapo mimea mingi zaidi inaota kuliko zamani: mikunde inapopandwa, au malisho yanapofungwa yapate kupona. Kwa hili la mwisho Wasukuma wana neno "ngitili," eneo la malisho lililofungiwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulilichukua neno hilo kama lilivyo, likaingia katika taarifa za serikali na hata za mataifa ya nje. Na "marejea" nalo, mmea uliotangazwa sana kutoka Peramiho, lina jina ambalo ni istilahi na maelezo kwa pamoja: kinachoirejesha ardhi. Hakuna kamati iliyokaa kwa ajili ya neno lile. Tunakiri kwamba linatutia wivu.

Katika kata hiyohiyo ya Buhongwa lipo dampo la jiji. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga na mabaki ya masoko ya Mwanza hufikishwa huko, yakafukiwa pamoja na vioo na mifuko, yakaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani; na mwendo mfupi kutoka hapo liko shamba la luseni lililochoka. Kwa sasa haiwezekani kuyabeba tu na kuyamwaga shambani, maana yamechanganyika na betri na vitu vingine vyenye sumu. Kutenganisha kunaanzia jikoni na sokoni. Lakini kutenganisha kunahitaji pia majina mawili, nasi tuna moja: "taka." Mtu aliyeambiwa kwamba ganda la ndizi ni taka hana sababu ya kuliweka kando na chupa. "Mabaki" kwa yanayooza, "taka" kwa yasiyooza: tofauti hii ingeweza kuandikwa hata kwenye mapipa.

Wako watakaoona tunapasua nywele. Tunawaomba watazame kanuni za biashara ya kaboni zilizotolewa nchini mwaka 2022. Ardhi na yaliyomo ndani yake yameanza kuingia katika mikataba, na mkataba wa namna hiyo ukiandikwa kwa Kiswahili utahitaji neno la kile kinachopimwa. Mkulima akisaini kwamba "ataongeza mboji," naye akaongeza lundo, huku mnunuzi akipima salio la udongo miaka mitano baadaye na kukuta halikusogea, mahakama itamsaidiaje mmoja wao? Hapo hatutaweza kusema kwamba neno lilikuwa limezoeleka.

Tulirudi kwa mzee na sentensi mpya, ili tuijaribu kabla ya kuipeleka mezani. Bwana shamba akaisoma: "Samadi unayo, na mboji ya lundo unayo. Iliyopungua ni mboji ya udongo, na haitajazwa kwa msimu mmoja." Mzee akatikisa kichwa kukubali, akaitazama luseni yake, akauliza: "Basi ni mikokoteni mingapi, na kwa miaka mingapi?" Majaribio ya samadi yaliyofanywa Ukiriguru, si mbali na hapo, tangu miaka ya 1930 yalionyesha kwamba samadi iliyotiwa mara moja huonekana katika mazao ya misimu kadhaa baadaye, bwana shamba alianza kumweleza hayo, nasi tukakunja karatasi zetu, tukawaacha wakihesabu mikokoteni.